Sakafu Niliyoichagua kwa Magoti

Nilipokuwa na miaka minne nilishikwa na homa kali, na ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yangu. Mguu wa kulia ulirudi polepole. Wa kushoto ulibaki umelegea kama kitambaa kilicholoa. Majirani zetu wa Bondeni, hapo Nakuru, walisema nimepitiwa na upepo mbaya. Daktari wa hospitali alisema ni polio. Mama yangu alisema ni kudura ya Mungu, na baada ya hapo hakulizungumza tena jambo hilo, ila kila asubuhi alipasha mafuta ya nazi akanikanda mguu kuanzia vidoleni hadi nyongani, huku akiniuliza nimeota nini.

Basi nikarudi kutambaa, mimi niliyekuwa nimekwisha kujua kukimbia. Mtoto mchanga hutambaa bila kujua anatambaa juu ya nini. Mimi nilikuwa mkubwa, na nilijua. Sebule yetu ilikuwa na saruji nyembamba ambayo babu aliimwaga juu ya udongo zamani, alipopanda kutoka Mombasa kuja kufanya kazi ya reli. Saruji hiyo ilikuwa imepasukapasuka, na kingo za nyufa zilikata magoti. Nilijua ufa upi una makali na upi umekwisha kulainika. Chumba cha bibi, mama yake baba, kilikuwa cha udongo mtupu uliopigwa ukashikana. Kilikuwa laini, lakini baridi yake ilipanda mpaka tumboni, na wakati wa kiangazi, upepo ulipovuma kutoka upande wa ziwa, vumbi jeupe lilinikausha viganja vikachanika.

Lakini mahali nilipopatamani zaidi sikuweza kufika. Jiko letu lilikuwa nyuma, ng'ambo ya ua, kibanda cha mabati kilichosimama peke yake kama majiko ya nyumba nyingi za siku hizo. Huko ndiko mama na bibi walikoshinda. Huko ndiko majirani walikoingia kuomba kaa la moto wakakaa mpaka adhuhuri. Mimi niliwekwa sebuleni kwenye mkeka, na mdoli wa matambara, na kazi yangu ilikuwa kusikiliza vicheko vya watu wengine vikipita ua na kunifikia vimekwisha kupoa. Mama alinibeba alipoweza. Nilivyozidi kukua alizidi kushindwa, na mgongo ulianza kumuuma.

Hospitali walinipa vyuma vya kufunga mguuni na magongo mawili mafupi. Daktari alimwambia mama, "Huyu atatembea. Lakini hatatembea kwa kukaa mkekani." Mama aliitikia kwa kichwa. Tuliporudi nyumbani alitazama ile sakafu ya nyufa, akatazama ua, akavitundika vile vyuma msumarini nyuma ya mlango. Vilikaa pale muda mrefu. Bibi alivifunika kwa khanga kuukuu kwa sababu, alisema, vilikuwa vinamtazama.

Siku moja ya masika, mvua ikinyesha kama imetumwa, nilisikia huko jikoni mtu akisimulia kitu na wote wakaangua kicheko kimoja kikubwa, na sauti ya mama ilikuwa juu ya zote. Sikuwahi kumsikia mama akicheka namna ile sebuleni. Nikashuka kwenye mkeka, nikapita mlango wa nyuma, nikaingia uani. Tope lilinifika viwikoni. Nilipofika katikati mguu wa kushoto ulinasa, nikauvuta kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo, nikaendelea. Nilipotokea mlangoni mwa jiko, bibi alidondosha kifuniko cha sufuria.

"Yarabi! Nini hiki?"

Hakunijua, nilivyokuwa nimegeuka tope tupu. Mama ndiye aliyenijua. Hakunigombeza. Alikuja akakaa chini palepale mlangoni, mvua ikimpiga nusu ya mwili, akanipakata na tope langu lote, na wageni wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara wa mbao. Alikwenda Elburgon kwenye viwanda vya kupasulia mbao, akarudi mjini na mzigo, kisha akaenda tena. Jioni ile alirudi akanikuta nimeoshwa, nimefungwa blanketi. Mama alimtilia chai kwanza.

"Mtoto wako leo ametambaa uani kwenye mvua," akasema.

"Alikuwa anataka nini?"

"Alikuwa anatutaka sisi. Tulipo."

Baba alikunywa ile chai yote. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Dereva wa malori hukaa na ngurumo ya injini siku nzima, na akifika nyumbani hupenda kunyamaza. Jumapili iliyofuata alitoka na kamba na vigingi, akaanza kupima nyuma ya nyumba, pale ukuta wa sebule ulipokutana na ua. Bibi alimfuata nyuma na tasbihi yake.

"Unajenga nini, mwanangu?"

"Chumba, mama. Jiko na pahali pa kulia, pamoja. Mlango wake unatokea sebuleni. Hakuna tena kupita uani."

"Pamoja? Tule mbele ya masufuria, kama wapishi wa garimoshi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mgeni akija?"

"Mgeni ataona chakula chake kinavyopikwa. Atakula bila wasiwasi."

Bibi alisonya, akaingia ndani. Lakini nilimwona baadaye akichungulia dirishani, akihesabu hatua kwa macho.

Kuta zilipanda kwa mawe, kidogo kidogo, kila baba alipopata nafasi. Paa likaezekwa mabati, na juu ya mahali pa jiko baba akatengeneza dohani ya kutolea moshi. Chumba kilikuwa kirefu, upande mmoja wa kupikia na upande wa pili wa meza. Ikabaki sakafu. Hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika.

Fundi aliyejenga kuta, mtu mrefu aliyekuja kutoka upande wa Kakamega, hakuona kama kulikuwa na swali. "Mzee, hapa ni simiti nyekundu tu," alimwambia baba. "Unapiga rangi, unasugua, inang'aa kama kioo. Nyumba ya wazungu yote huko Njoro iko hivyo."

Baba alivutiwa. Mama alikuwa na lake: ameona dukani kitu kipya, kigumu kama ngozi, cha kutandika sakafuni, kina vigae vya kuchorwa vya rangi ya kijani na ya maziwa. Wenye duka walikiita lino. Ukimwaga mchuzi unafuta kwa kitambaa, basi. Bibi alisema udongo wa chumbani mwake ulimtosha mumewe mpaka akafa, na juu ya udongo hutandikwa mkeka, na mkeka ukichakaa hununuliwa mwingine, hiyo ndiyo sakafu.

Walibishana hivyo jioni moja, na mimi nilikuwa chini ya meza. Fundi aliporudia habari ya saruji nyekundu, nilianza kulia. Sikupanga kulia. Sakafu ya hospitali ilikuwa hiyohiyo, nyekundu, inang'aa, na ndipo nilipofunzwa magongo. Kila nilipojaribu kusimama, magongo yalikimbia kila moja upande wake, nikaanguka kidevu mbele. Nilitoka hospitali nikiwa na magoti mekundu na hofu ya kusimama.

Baba aliinama akanichungulia. "Una nini?"

"Ile inateleza," nikasema. "Na ni baridi. Sitaki ile."

Fundi alicheka kidogo, cheko la mtu anayengojea wakubwa waendelee. Lakini baba alikuwa bado ameinama.

"Wewe unataka ipi?"

"Sijui."

Akanyooka, akawaambia wote, "Kati yetu sisi hapa, nani anaishi sakafuni? Mimi naigusa kwa viatu. Fundi akimaliza anakwenda zake. Anayeishi sakafuni ni huyu. Basi tutamwuliza yeye."

"Mtoto wa miaka saba," bibi akasema.

"Ndiyo. Wa miaka saba."

Sijui kama watu wanaelewa maana ya neno hilo, kuulizwa, kwa mtoto ambaye alifanyiwa kila kitu na hakuna aliyemwuliza. Siku hiyo nililala nikiwa na kazi.

Tulianza na lino, kwa ajili ya mama. Jumamosi baba alinibeba mgongoni mpaka mjini, mama kando yetu akiwa na magongo na vyuma kwapani. Mwenye duka, Mhindi mnene mwenye miwani, alidhani tumekuja kutazama tu. Baba alipomweleza, alikaa kidogo akifikiri, kisha akasukuma magunia pembeni, akakunjua bunda zima sakafuni. "Weka mtoto," akasema. "Wacha ajaribu."

Nikatambaa juu ya lino mbele ya wateja. Lo! Ilikuwa raha. Halikuwa na ufa, halikuwa na vumbi, na halikuwa baridi. Niliteleza kama samaki. Nilizunguka kaunta, nikarudi, na mama alikuwa ameweka mikono kifuani, uso umemng'aa. Alikwisha kuliona lile tandiko ndani ya chumba chake, nilijua. Mwenye duka naye alifurahi, akataka kutuonyesha lisivyoharibika. Akachukua birika la maji, akamwaga kidogo, akapangusa. "Ona! Kavu!"

Nikaomba magongo, kwa kuwa nilijiona hodari. Baba akanifunga vyuma, akanisimamisha. Nilipiga hatua moja, nikapiga ya pili, na ya pili ikakuta pale palipofutwa. Gongo liliruka. Nilianguka nikakata mdomo kwa meno yangu mwenyewe.

Mwenye duka alikuwa wa kwanza kunifikia. Alinifuta damu kwa leso yake nyeupe, akaita ndani kwa sauti, akaletewa maji ya baridi na peremende. Alinisikitikia kweli. Lakini mama alikuwa tayari anakunja lile lino kwa mikono yake mwenyewe, akikaza kama mtu anayekunja sanda.

"Mama, nalipenda," nikamwambia njiani, mdomo umevimba.

"Najua. Hata mimi." Tulipovuka reli akanipangusa mdomo kwa ncha ya khanga. "Lakini jikoni hapakosi maji."

Baada ya hapo bibi alidhani ameshinda. Alileta mkeka mpya, akautandika kwenye udongo wa chumba kipya, akanikalisha, akaniambia nitambae. Mkeka ulinifuata. Kila nilipovuta goti, nao ulivuta, ukajikunja mbele yangu kama wimbi, na chini yake udongo ulikuwa umelowa baridi ya usiku. Bibi aliutazama, akaukunja, akauweka kwapani. "Huu ni wa kulalia," akasema, kana kwamba hakuna aliyesema vingine.

Wazo la mbao lilikuwa la baba tangu mwanzo, nadhani, ila alikuwa akiona haya kulisema kwa sababu ndiyo kazi yake, na watu wangesema dereva wa mbao haoni kingine. Siku moja alisema, "Kesho nakwenda Elburgon. Nitampeleka." Mama akasema hatabaki nyuma. Tukabanana watu watatu kwenye lori, mimi katikati, vyuma vyangu mguuni, kwa kuwa baba alitaka nijaribu kusimama huko.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikipigana na Mau Mau. Tulipopita Njoro tulikuta kizuizi cha askari. Mmoja alipanda kwenye ngazi ya lori, akachungulia ndani.

"Hii mtoto ni ya nani? Inaenda wapi?"

"Ni wangu, afande. Anakwenda kuchagua sakafu."

Askari alikaza uso. Alidhani anachezewa. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Kisha macho ya askari yakashuka yakafika kwenye vyuma vyangu, yakakaa pale. Alitazama karatasi za baba, lakini sidhani kama alizisoma. Akashuka. "Pita," akasema, na wakati mti wa kizuizi unainuka alinipungia mkono, kidogo tu, wenzake wasione.

Elburgon ilikuwa baridi kuliko Nakuru, na kila kitu kilinukia mti uliopasuliwa. Msumeno mkubwa ulilia bila kupumzika. Ukungu wa msitu wa Mau ulikuwa umeshuka mpaka juu ya mapaa. Wakati lori likipakiwa, baba alitupeleka kwenye banda ambamo wafanyakazi walikunywa chai. Mama mmoja Mkikuyu ndiye aliyewapikia, mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani na sauti nzito. Alipotuona mlangoni alisema, "Ingieni, ingieni. Baridi iko mingi huko nje, na mtoto hana sweta."

Sakafu ya banda lile ilikuwa ya mbao za mtarakwa, zilizopigwa randa, zikalainishwa zaidi na viatu vya watu wengi kwa muda mrefu. Baba aliniweka chini. Kitu cha kwanza nilichokihisi ni kwamba hapakuwa na baridi. Nilitandaza viganja. Nilipotambaa, mbao zilinipokea. Sina neno jingine. Saruji hukurudishia goti lako kwa nguvu ileile uliyoigonga nayo. Ubao huinama kidogo sana, kiasi cha mwenye goti kujua. Kisha nikasikia kitu kingine: watu walipotembea upande wa pili wa banda, hatua zao zilinifikia mikononi. Niliweza kujua, bila kugeuka, kwamba baba amehama kutoka dirishani kwenda mlangoni.

"Nisimamishe," nikasema.

Baba akanisimamisha. Nikaweka magongo. Yalishika. Nikangoja yakimbie, hayakukimbia. Nikasogeza moja, nikasogeza la pili, nikauvuta mguu. Wafanyakazi wawili waliokuwa na vikombe mkononi waliacha kunywa. Nilitembea mpaka kwa yule mama mpika chai, na nilipofika sikuwa na la kufanya ila kumwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtoto wangu," akasema, na akanisogezea kiti kwa mguu, maana mikono yake ilikuwa na mabirika.

Mama yangu hakuwa ananitazama mimi. Nilikasirika kidogo, nakumbuka. Alikuwa anatazama jiko la yule mama. Lilikaa juu ya bapa la jiwe pana, na kuzunguka jiwe kulikuwa na mchanga, na ng'ambo ya mchanga ndipo mbao zilipoanza. Kaa lilidondoka mbele yetu, likazimika mchangani lenyewe.

"Hujawahi kuunguza?" mama akamwuliza.

"Mbao? Hapana. Moto nimeupatia nyumba yake, na mimi niko na yangu."

Mama alicheka, kile kicheko cha jikoni, safari hii mimi nikiwa pembeni yake. Wakati wa kurudi alikuwa amekwisha kulipanga lote. Upande wa kupikia utakuwa wa saruji, lakini isiyosuguliwa rangi, ya kukwaruza kidogo ili isiteleze. Upande wa meza utakuwa wa mbao za mtarakwa, mti ambao mchwa hawaupendi. Na kati ya pande mbili, alisema akimdonoa kwa kidole baba aliyekuwa akiendesha, hapatakuwa na kizingiti, hapatakuwa na ngazi, hapatakuwa na kitu. Mtoto atoke mezani afike jikoni kama maji.

Fundi hakupenda. Alisema saruji na mbao hazipatani. Lakini alichukua kazi. Baba alikuwa safarini siku alipomaliza, na sisi wa kike watatu, bibi, mama na mimi, tulisimama mlangoni tukatazama. Ilikuwa nzuri. Mbao zilikuwa na rangi ya asali na harufu yake ilijaa nyumba nzima. Nikashuka nikatambaa toka mezani, nikafika kwenye mpaka, na goti langu likagonga. Saruji ilikuwa juu ya ubao kwa unene wa vidole viwili. Nilijaribu kupandisha mguu wa kushoto, ukakataa, nikakaa palepale.

"Hiyo kidogo tu," fundi akasema. "Atazoea. Mtu mzima hata haoni."

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mpole na fundi alikuwa mtu mzima kuliko yeye. Na hapo bibi, ambaye tangu siku ya vigingi hakuwa amesema neno jema juu ya chumba kile, alivua makubadhi yake, akakaza khanga kiunoni, akashuka chini kwa magoti na mikono. Alikuwa mzee, na magoti yake yalialika kwa sauti. Akatambaa kwenye mbao, polepole, mpaka akafika nilipo. Goti lake likagonga kile kizingiti.

Akabaki hapo akipumua. Kisha akageuza kichwa, akamtazama fundi kutoka chini.

"Shuka."

"Nini, mama?"

"Shuka, baba. Shuka upite hapa na wewe. Kama mtu mzima haoni, basi tuone."

Fundi alimtazama mama, kisha akanitazama mimi, akitafuta msaada. Hakupata. Akaweka mwiko wake dirishani, akakunja suruali, na yule mtu mrefu kuliko mlango wetu akashuka akatambaa. Alipofika kwenye mpaka goti lake liligonga, akauma meno. Akakaa sakafuni pamoja nasi, watu watatu tumejipanga kama tunangoja chakula, na mama amesimama juu yetu mkono mdomoni.

"Sawa," fundi akasema hatimaye, akisugua goti. "Sawa, mama. Nitavunja."

Aliivunja saruji, akaimwaga upya, na safari hii alipima kwa pima maji, kisha akapima kwa kiganja, kisha akashuka akapima kwa goti lake mwenyewe bila kuambiwa. Ilipokauka ungeweza kuviringisha limau kutoka mezani hadi jikoni. Nililiviringisha mara nyingi.

Vyuma vilishuka msumarini, na safari hii havikurudishwa. Baba alikata ufito wa mtarakwa, akaulainisha, akaupigilia ukutani kwa kimo changu, ili nishike. Lakini aliyenifunza kutembea ni bibi, na mbinu yake haikuwa ya hospitali. Alikaa upande wa jiko kwenye kibao chake, akawa anahitaji vitu.

"Niletee chumvi, iko mezani."

Nikasimama kwenye magongo, chumvi kwenye kifuko kilichoning'inia shingoni, nikapita mbao, nikavuka mpaka, nikafika jasho likinitoka. Bibi alifungua kifuko, akaonja.

"Hii nimeitaka saa ngapi? Nilisema bizari. Rudi."

"Mama!" mama yangu akalalamika. "Umesema chumvi, nimesikia."

"Wewe koroga chungu chako."

Nikarudi. Alifanya hivyo kila siku. Siku nyingine nilimpelekea pilipili, kitunguu na kijiko kile kile mara tatu, naye akiona kosa kila mara. Nilikasirika sana hata nikasahau kuogopa. Siku moja nilimpelekea mwiko na gongo moja tu, la pili nimeliacha mezani bila kukumbuka, na nilipofika aliupokea akasema, "Ahsante, mjukuu wangu," na hakukosoa chochote. Kisha akainama juu ya jiko kwa muda mrefu akipuliza makaa ambayo tayari yalikuwa yanawaka.

Ramadhani ya mwaka ule tulifuturu katika chumba kile. Majirani walikuja, wengine kwa ajili ya futari, wengine kuona jiko ambamo watu wanakula. Wanawake walipigapiga mbao kwa miguu wakisikiliza. Mwanamume mmoja alimwuliza baba kama tajiri wake angemwuzia mbao chache za mtarakwa. Bibi alikaa kwenye kiti kilichotazama jiko, akawaeleza wote kwamba siku hizi si vizuri kumficha mgeni mapishi.

Haikupita muda mrefu, mwanamke mmoja tusiyemjua alibisha hodi mchana. Alitoka shambani, upande wa Ndabibi, na mgongoni alibeba binti wa rika langu, mkubwa wa kutobebwa tena, miguu yake miwili ikining'inia. Alikuwa amekutana na mama hospitalini, wakazungumza kwa dakika chache tu, na mama akamwambia, ukipita Bondeni ulizia nyumba yenye dohani.

"Nimekuja kuona hiyo sakafu," yule mama akasema, akiona haya. "Kwetu kuna mbao. Bwana yangu anaweza kupiga misumari."

"Karibu," mama akasema. "Mshushe tu."

Yule mama alisita. Nadhani alizoea kuambiwa amwekee mtoto gunia kwanza. Kisha akamshusha kwenye mbao. Yule msichana alikaa, akatandaza viganja vyote viwili kama nilivyofanya mimi Elburgon, akaviacha hapo. Alinitazama mimi niliyesimama na magongo, akatazama mguu wangu, akatazama uso wangu.

"Hakuna baridi," akasema.

"Na ukinyamaza utasikia watu wakitembea," nikamwambia. "Weka sikio."

Akalala akaweka sikio. Mama akatembea kwenda jikoni, makusudi, akikanyaga kwa kisigino, na yule msichana akaanza kucheka. Nikaweka magongo kando, nikafungua vyuma, nikashuka pembeni yake. Nilikuwa sijatambaa kwa majuma mengi na nilikuwa nimeapa sitatambaa tena, lakini nilitaka kumwonyesha njia ya kufika kwa bibi. Tulikwenda bega kwa bega, tukavuka mpaka bila kuuona, na bibi alikuwa tayari amekwisha kuinua kichwa kwenye kibao chake.

"Haya, nyinyi wawili," akasema. "Nani ataniletea chumvi?"

Mama wa yule msichana aliketi mezani akapewa chai. Alimwuliza mama yangu mambo mengi: mti gani, misumari gani, jiko liwe mbali kiasi gani. Mama alimjibu yote, akamchorea kwa kidole juu ya meza. Walikaa mpaka alasiri, na walipoondoka yule mama alimpachika binti yake mgongoni kama alivyokuja, lakini alisimama mlangoni, akaitazama ile sakafu mara nyingine, akiisoma. Tulisikia baadaye, kwa dereva mwenzake baba, kwamba huko Ndabibi mtu amebomoa ukuta wa jiko lake, na watu wanamcheka, na yeye anaendelea kupigilia misumari.

Mimi nilianza shule mwaka uliofuata. Ilikuwa na sakafu ya saruji, na njia yake ilikuwa na mawe. Nilianguka mara nyingi, lakini kila nilipoanguka nilijua namna ya kuinuka, maana nilikuwa nimejifunza mahali ambapo kuanguka hakukuumiza sana. Asubuhi ya kwanza baba hakunibeba. Alitembea nyuma yangu, mbali kidogo, mikono mfukoni, akijifanya mtu aliyekuwa akielekea huko huko kwa shughuli zake.